Kifaranga namba 47

Alitoka wa mwisho. Wenzake walikuwa wameshakauka, wanadonoana vidole na kupiga kelele kwenye boksi chini ya taa, yeye bado anapambana na ganda. Alitoboa tundu dogo usiku wa siku ya 21, na mpaka asubuhi ya siku ya 22 tundu lilikuwa lilelile, mdomo unachungulia na kurudi ndani. Sina tabia ya kumsaidia kifaranga kutoka. Ninayemsaidia leo mara nyingi namfukia keshokutwa. Nilivuta kiti nikakaa mbele ya kioo cha mashine ya kutotolesha kama mtu anayetazama mpira.

Alipotoka alifanana na wote: kitu kilicholowa, kibaya, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Nikaenda zangu. Niliporudi baada ya saa mbili alikuwa amekauka, nami nikabaki nimesimama mlangoni bila kuufunga. Hakuwa wa njano. Hakuwa wa kijivu. Alikuwa na rangi ya mchanga mkavu, na mgongoni michirizi iliyofifia, kama mtu aliyechora kwa penseli kisha akajuta akafuta.

Huo ulikuwa mwaka wa nne wa kusubiri kifaranga wa rangi mpya. Ila rangi niliyokuwa naisubiri haikuwa hiyo.

Nianze mwanzo. Kuku wangu wa msingi ni Dorking, wale wa kijivu-fedha. Ni mbegu ya kale kweli. Columella, Mrumi aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza, alishawasifu majike wenye vidole vitano, na mpaka leo Dorking anatambulika kwa kidole hicho cha tano kinachochomoza nyuma ya mguu na kuelekea juu kana kwamba hakikualikwa. Ana miguu mifupi na mwili mpana kama mtumbwi. Masikio yake ni mekundu lakini anataga mayai meupe, jambo linalowavuruga wote waliozoea kubashiri rangi ya yai kwa kutazama sikio. Jogoo ana shingo na mgongo wa kung'aa kama fedha iliyosuguliwa, kifua cheusi tititi. Jike ana mgongo wa kijivu wenye nukta ndogo ndogo, na kifua chenye wekundu wa kutu. Kwa kifupi, ni kuku asiyehitaji kuongezwa chochote.

Sasa mtu mwenye kuku asiyehitaji kuongezwa chochote anaanzaje kutaka kumbadilisha rangi? Nililiona jogoo la lavenda la Orpington, mbegu nyingine ya kuku, basi. Siku hiyo kulikuwa na mawingu, na lile jogoo lilikuwa na rangi ya yale mawingu, mwili mzima, toka shingoni hadi kwenye mkia, bila doa wala ukingo. Nikawaza: fedha ya Dorking ibaki fedha, lakini kile kifua cheusi kiwe cha mawingu. Wazo la namna hii likishakuingia kichwani huna usingizi.

Kwa asiyejua, lavenda ni nini? Ni kuku mweusi ambaye rangi yake imeshindwa kufika vizuri kwenye unyoya. Jeni inayohusika inaitwa MLPH, na kazi yake ni kusaidia kusafirisha chembe za rangi. Ikiwa na hitilafu, chembe zinajikusanya mafungu mafungu badala ya kusambaa, na jicho letu likiangalia linaona kijivu laini. Ni jeni hiyo hiyo inayowafanya paka wengine wawe wa kijivu-buluu, kwa hiyo ukimwona paka wa namna hiyo amejilaza ukutani, ujue ni ndugu wa jogoo wangu kwa upande wa hitilafu. Kifaranga lazima apokee nakala mbili za jeni hiyo, moja kwa baba na moja kwa mama. Akiwa na moja tu anabaki na rangi yake ya kawaida, huku amebeba siri.

Mwaka wa kwanza nilipigwa changa la macho. Mtu mmoja aliniuzia jogoo "wa lavenda", na picha zilikuwa nzuri. Alipofika nilimtazama kwenye jua nikaona manyoya yake ya kifuani yana ukingo mweusi-mweusi, kila unyoya umezungushiwa mstari. Moyo ukaniambia kitu, nikaunyamazisha. Nilimpandisha na majike wawili weusi niliokuwa nao, na vifaranga walipotoka, karibu nusu walikuwa weusi na nusu wa kijivu. Hapo nilijua. Kama angekuwa lavenda wa kweli, watoto wake kwa majike weusi wangetoka weusi wote, kila mmoja ameficha nakala moja. Huyu alikuwa buluu, rangi nyingine kabisa inayofanana na lavenda kwenye picha tu.

Buluu ina mambo yake. Nakala moja inampa kuku mweusi rangi ya buluu yenye ukingo, nakala mbili zinampausha mpaka anakuwa mweupe-mchafu mwenye matone. Ndiyo maana ukipandisha buluu kwa buluu hupati buluu watupu hata ufuge miaka mia: robo wanatoka weusi, nusu buluu, robo wa matone. Wafugaji wa Andalusian, mbegu ya kuku wa buluu, waliteseka na jambo hili, wakidhani kuku wao hawajasafishika vya kutosha, mpaka mwanzoni mwa karne ya 20 wataalamu wa urithi William Bateson na Reginald Punnett walipoonyesha kuwa ndiyo hesabu yenyewe ilivyo. Anayetaka buluu watupu ampandishe mweusi na yule wa matone, wale wawili wanaotupwa na watu. Napenda sana jambo hilo.

Aliyeniuzia nilimwandikia. Akanijibu kwamba lavenda na buluu "ni kitu kimoja, majina tu." Sikuendelea naye.

Mwaka wa pili nikampata jogoo sahihi, Orpington wa lavenda kutoka kwa mfugaji aliyenionyesha wazazi wote wawili, wote lavenda, na boksi zima la vifaranga wa rangi ya majivu. Nilichagua Orpington kwa sababu ya mwili mkubwa na ngozi nyeupe. Dorking naye ana ngozi nyeupe, na sikutaka kuingiza ngozi ya njano halafu nikae miaka sita nikiifukuza. Kuhusu vidole, Orpington ana vinne, lakini kidole cha tano kinatawala, yaani nakala moja ya jeni yake inatosha kukileta, kwa hiyo hakinitishi sana. Nilijiona mtu aliyefikiria kila kitu.

Kumbe sikufikiria subira. Nilitoa majike watatu wa Dorking kutoka kwa jogoo wao, nikawaingiza kwa Orpington, na siku ya tisa nikaanza kukusanya mayai. Yeyote aliyefuga muda mrefu hapa anacheka. Jike wa kuku hahitaji jogoo kila siku. Ana vifuko vidogo ndani ya mfuko wa uzazi vinavyotunza mbegu za kiume, na mbegu hizo zinaweza kuendelea kurutubisha mayai kwa wiki mbili, wakati mwingine tatu. Mimi nilikuwa nakusanya mayai ya talaka.

Vifaranga walipotoka, wengi walikuwa na michirizi ya kahawia mgongoni, kama kawaida ya Dorking. Na mimi, badala ya kushtuka, nilishangilia! Nikamwambia mke wangu kwamba mchanganyiko umetoa Dorking mara moja, kizazi cha kwanza, ajabu. Akaniuliza swali moja tu: "Una hakika baba yao ni huyu?" Mtu asiyefuga kuku. Weusi, yaani watoto halisi wa Orpington, walikuwa watano tu, na wote watano wakaja kuwa majogoo. Majike wakaanza kunyonyoka manyoya, utagaji ukakoma, mwaka ukaisha hivyo. Siku hizi nasubiri wiki tatu kamili, na tarehe naiandika kwa chaki mlangoni mwa banda ili nisijidanganye.

Mwaka wa tatu mambo yalikaa sawa. Vifaranga 23, wote weusi wenye tumbo jeupe-njano, wote wamefanana kama maharage. Ndivyo inavyotakiwa: weusi wa Orpington unatawala, lavenda imejificha, na mchoro wa Dorking umefunikwa. Kizazi hiki hakina raha ya macho hata kidogo. Unawalisha kuku weusi wasio na umbo la baba wala la mama, mayai yao si meupe wala si ya kahawia, wageni wanapita bandani bila kuuliza kitu.

Ila walipofika miezi minne niliona jambo. Matetea walianza kuotesha manyoya ya shingoni, na kila unyoya mweusi ulikuwa na uzi mwembamba wa rangi ya asali pembeni. Nikadhani ni jua, maana jua huunguza weusi ukawa na kutu. Nikamshika mmoja, nikafunua manyoya ya chini ambayo hayaoni jua. Asali ipo. Nikawashika majogoo, ndugu zao wa tumbo moja. Wao uzi ulikuwa mweupe unaoelekea njano, kama ndimu iliyokamuliwa kwenye maziwa.

Nilikaa chini palepale kwenye maranda.

Kwa kuku, tofauti na sisi, jike ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Jogoo ana kromosomu (vifurushi vinavyobeba jeni) mbili za Z, jike ana Z moja na W moja. Jike akitoa Z, mtoto ni dume. Akitoa W, mtoto ni jike. Maana yake ni kwamba tetea hupata Z yake kwa baba peke yake, mama hana mchango hapo. Na jeni ya fedha na dhahabu, ile inayoamua kama shingo itakuwa nyeupe au ya rangi ya asali, inakaa kwenye Z. Majike wangu wa Dorking ni fedha, waliwapa fedha wana wao wa kiume tu. Mabinti walipokea kwa baba, na baba aliwapa dhahabu. Jogoo lile la mawingu, ambalo huoni juu yake hata unyoya mmoja wa njano, lilikuwa limebeba dhahabu maisha yake yote. Weusi ulikuwa umeifunika, kisha lavenda ikapausha weusi, na mimi nikatazama nikadhani naona kuku mzima.

Tangu siku hiyo simwamini kuku mweusi. Simwamini na mweupe. Rangi ya mwili mzima ni kama shuka iliyofunika kitanda. Chini yake kunaweza kuwa kumetandikwa vizuri au kumevurugwa, hujui. Charles Darwin aliliona hili kabla jeni hazijapata jina. Katika kitabu chake cha 1868 kuhusu wanyama na mimea wanaofugwa, anasimulia alivyompandisha jogoo mweusi wa Spanish na jike mweupe wa Silkie, akapata jogoo mwenye rangi nyekundu na chungwa za kuku wa mwituni. Mweusi kwa mweupe, ukatoka moto. Yeye aliona ni rangi ya mababu inayorudi. Mimi nasoma na kusema: mzee, shuka zako zilianguka.

Nilikuwa na njia mbili. Kuachana na wale matetea wenye dhahabu na kutafuta jogoo mwingine wa lavenda, au kuendelea na kukubali kwamba nusu ya watakaotoka huko mbele watakuwa wa dhahabu. Niliendelea, kwa uvivu zaidi kuliko kwa hekima.

Sasa hesabu. Ukipandisha kaka na dada wa kizazi kile cheusi, uwezekano wa kifaranga kupata lavenda mbili ni mmoja kati ya wanne. Uwezekano wa kukosa kabisa ule weusi unaofunika ni mmoja kati ya wanne. Ninayemtaka lazima apate vyote viwili: mmoja kati ya 16. Halafu awe fedha na si dhahabu, hapo unagawa kwa mbili tena, mmoja kati ya 32. Bado hujataja vidole, umbo, urefu wa mguu. Watu wakiniuliza kwa nini rangi mpya zinachukua miaka, huwa nawapa kete mbili na kuwaambia watupe hadi zitoke sita na sita, halafu kila wanapotupa wamlishe kuku miezi mitano.

Niliingiza mayai 64. Siku ya saba nikayapima kwa tochi gizani nikatoa 9 yaliyokuwa meupe ndani. Siku ya 18 nikaacha kugeuza na kuongeza unyevu. Waliotoka ni 47. Wengi weusi, kama nilivyotarajia, na wengine wana michirizi ya kahawia ya kawaida. Waliopaushwa na lavenda walikuwa 11. Kati ya hao 11, nane walikuwa majivu matupu, yaani lavenda kama babu yao. Watatu walikuwa na michirizi. Watatu kati ya 47: hesabu ilikuwa imetii hadi nikaona aibu kuishangaa.

Wa tatu kati ya hao watatu ndiye namba 47.

Binti yangu ana miaka saba na kazi yake bandani ni kuhesabu vidole. Mimi macho yangu yameanza kuchoka na vidole vya kifaranga ni vitu vidogo sana. Anamlaza kifaranga chali kwenye kiganja, anavuta mguu taratibu kwa kidole gumba, anahesabu kwa sauti. Kuku wa kwanza wa michirizi: "Vitano, vitano." Wa pili alimgeuza mara mbili. "Baba, huyu ana vinne. Miguu yote." Nikasema sawa. Ndiyo robo ya hesabu, nilijua atakuwepo mmoja, lakini kwa nini awe miongoni mwa watatu? Namba 47 alikuwa na vitano mguu wa kushoto, na mguu wa kulia kidole cha nne na cha tano vimeungana hadi karibu na ukucha. "Huyu ana vinne na nusu," akasema. Tumeandika hivyo hivyo kwenye daftari: 4½.

Alama ya kuwatambua vifaranga tunaiweka kwenye utando, ile ngozi nyembamba kati ya vidole vya mbele. Kila mguu una nafasi mbili, miguu miwili nafasi nne, kila nafasi ama imetobolewa au haijatobolewa. Unapata alama 16 tofauti bila pete wala rangi. Pete hupotea. Tundu likipona vizuri linakaa na kuku mpaka mwisho wake. Chombo kinatoa mlio mdogo kama wa kukata karatasi, kifaranga analia mara moja, na dakika inayofuata anakula.

Walipoota manyoya nilipata jibu la fedha na dhahabu. Wale wawili wa kwanza, jogoo mmoja na tetea mmoja, ni fedha. Jogoo ndiye niliyemwota: shingo nyeupe, kifua cha mawingu. Ndiye mwenye vidole vinne. Na mkia wake... Nilikuwa nimesoma kuhusu mikia ya lavenda, sikuwa nimeishika. Katika baadhi ya koo za lavenda nyuzi za unyoya hazishikani. Unyoya mzima unapaswa kuwa kama kitambaa kilichofumwa, wake ni kama ukili uliofumuka. Ukiupitisha kati ya vidole haurudi mahali pake. Mkia wa kuku niliyemtafuta miaka minne ulionekana kama ufagio wa msimu uliopita. Dawa yake ni kurudi kupandisha na kuku wasio na lavenda, kizazi baada ya kizazi, na kuchagua wenye mikia mizima. Hakuna njia ya mkato, na anayekwambia chakula fulani kitaurekebisha anauza chakula hicho.

Tetea wa fedha ni mzuri, sina la kumlalamikia. Ila macho ya kila anayekuja yanampita yanakwenda kwa namba 47. Lavenda inapausha dhahabu kama inavyopausha weusi, kwa hiyo asali ya shingoni imekuwa rangi ya majani makavu, mgongo una vumbi la kijivu juu ya krimu, na kifua, pale Dorking anapokuwa na wekundu wa kutu, yeye ana kitu kama ndani ya ganda la yai la kahawia. Wafugaji wa Ulaya rangi za jamii hii wanaziita isabel. Binti yangu anamwita Mchanga, kwa rangi yake na kwa kuwa alikuwa mdogo kuliko wote. Mkia wake ni mzima. Nimeukagua zaidi ya ninavyopenda kusema.

Kuna jambo linanikera katika hobi hii na nitalisema hapa. Ukiwa na mbegu adimu, kila yai unalolitumia kwa mchezo wa rangi ni yai ambalo halikutoa Dorking. Na kuku wachache ni wachache kuliko wanavyoonekana. Kuna hesabu fupi: zidisha majogoo kwa majike, zidisha kwa nne, kisha gawanya kwa jumla ya kuku wote. Jogoo mmoja na majike 10 inakupa 40 gawa kwa 11, kama 3.6. Bandani unaona kuku 11, lakini kwa urithi una kuku wasiofika wanne. Ongeza majogoo wafike watano kwa majike walewale 10, unapata zaidi ya 13. Kwa hiyo majike niliowatoa kwa ajili ya lavenda walikuwa watatu, wenye umri, ambao wameshaacha mabinti wa kutosha kwenye kundi kuu. Kundi kuu haliguswi, na lina majogoo watatu wanaopishana kwa zamu. Nimeona mtu mwenye Dorking wazuri akiwamaliza wote kwenye michanganyiko ya rangi, na baada ya miaka mitatu ana rangi saba na hana Dorking hata mmoja. Majina ya rangi zenyewe kayatunga mwenyewe na anayauza kwa maneno "adimu sana."

Rangi inaweza pia kudai malipo ambayo hukuyatarajia. Sir John Sebright, Mwingereza, alitumia miaka mingi mwanzoni mwa karne ya 19 kutengeneza kuku wadogo wanaobeba jina lake, kila unyoya umezungushiwa mstari mweusi kwa unadhifu wa kutisha. Ili jogoo awe na mistari hiyo mwili mzima alipewa manyoya ya jike, hana mkia wa jogoo wala shingo ya jogoo. Na wanaowafuga leo wanalalamikia mayai yasiyorutubishwa. Wazuri kweli. Nikiwatazama nakumbuka mkia wa jogoo wangu.

Mchanga alitaga yai lake la kwanza akiwa na miezi saba kasoro siku chache. La krimu hafifu, si jeupe. Nilimweka na jogoo wangu bora wa kijivu-fedha, Dorking safi, mwenye mkia ambao ukiupitisha vidoleni unajifunga wenyewe kama zipu. Wiki tatu sikuzisubiri kwa kuwa hajawahi kuona jogoo mwingine, lakini chaki niliandika vilevile.

Mayai yake 12 yako kwenye mashine sasa, leo ni siku ya 16. Nimepima kwa tochi, 10 yana kiinitete. Wote watakaotoka watakuwa na michirizi ya kahawia na watakua kijivu-fedha wa kawaida kabisa, madume kwa majike, kwa sababu kila mmoja atakuwa na lavenda moja tu, na jogoo huyu hawapi watoto wake kitu kingine ila fedha. Hakutakuwa na mchanga, wala mawingu, wala majani makavu. Mgeni akiwaona atadhani sijawahi kufanya kitu katika maisha yangu.

Jana nilimweleza hivyo binti yangu. Akafikiri kidogo, akauliza kama bado tutahesabu vidole.

Nikamwambia hasa vidole.